Kahawa ya Bei ya Anasa: Je, Inastahili Fedha Yake?

(Mada iliyotolewa kwenye kikao cha kamati za parokia na marafiki wa shirika, Nyakato, Mwanza)



Tumeombwa kuzungumzia jambo ambalo kwa haraka linaonekana kuwa mbali na visima, madawati na vikundi vya kuweka na kukopa. Jambo lenyewe ni kahawa ya bei kubwa. Limefika mezani kwetu kwa njia mbili. Kwanza, baadhi ya kamati zimependekeza tununue kahawa Kagera, tuipake jina la shirika, na kuiuza kwa marafiki wa ng'ambo kwa bei iliyo mara tatu ya ile ya dukani. Mtaji ungetoka kwenye mfuko wa kuzungusha, yaani fedha ambazo akina mama wa vikundi vyetu wanazitegemea kwa mikopo ya biashara zao ndogo. Pili, baadhi ya wafadhili wametuuliza: wanaponunua kahawa ghali yenye picha ya mkulima wa Afrika kwenye mfuko wake, je, mkulima huyo anapata chochote?

Maswali haya mawili ni ndugu. Tukishajua kilichomo ndani ya bei kubwa, tutajua kama tuwashauri marafiki wetu wailipe, na kama fedha za akina mama ziwekwe humo.

Thamani ilikuwapo kabla ya bei

Tuanze na wenzetu wa ng'ambo ya ziwa. Katika Buhaya, kahawa ilikuwa kitu cha heshima kabla ya kuwa zao la biashara. Watu walichuma robusta, wakaichemsha pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakaikausha na kuitafuna. Mgeni alipofika alipewa punje chache mkononi kabla ya mazungumzo kuanza. Punje hizo zilitumika pia watu wawili walipofunga udugu wa kuchanjiana. Abakama, watawala wa enzi hizo, waliusimamia upandaji wa mibuni ili si kila mtu apande apendavyo. Kahawa ya kutafuna inapatikana Bukoba hata leo.

Kwa hiyo hakuna haja ya kusema kwamba anasa katika kahawa imeletwa na wageni. Kilichobadilika ni mahali thamani inapopimwa. Zamani aliyeithamini alikuwa jirani aliyeketi mbele ya mwenye kibanja. Leo anayeithamini yuko maelfu ya kilomita mbali, na kati yake na mkulima kuna mikono mingi.

Sisi wa Mwanza hatuhitaji kufundishwa jambo hilo. Sangara wa ziwa letu hukatwa minofu viwandani na kusafirishwa nje, na kwa miaka mingi kilichobaki kwa mwenye kipato kidogo ni mapanki. Kisha likaja soko la mabondo huko China, na kile kifuko cha ndani ya samaki ambacho wazee hawakukijali kikawa na bei inayozidi minofu mara nyingi. Ziwa ni lile lile na samaki ni yule yule. Bei ilipandishwa na mtu wa mbali mwenye hamu na fedha, na aliyefaidika ni yule aliyejua habari hiyo mapema na kuwa na mtaji. Kahawa nayo hufuata njia hiyo.

Bei kubwa imebeba nini?

Tukiifungua bei ya kahawa ya anasa kama tunavyofungua mfuko, tutakuta vitu vinne: kazi, uhaba, jina, na gharama za mahali inapouzwa.

Kazi ndiyo ya kwanza. Kahawa nzuri huchumwa ikiwa mbivu na nyekundu tu, kwa hiyo mchumaji hulazimika kupita kwenye mbuni ule ule mara kadhaa katika msimu. Huanikwa juu ya chanja badala ya kumwagwa juu ya udongo, hugeuzwa mara kwa mara, hufunikwa mvua inapokuja, kisha huchambuliwa kwa mkono ili kuondoa punje mbovu. Mwenye haraka hukamua tawi zima, mbichi na mbivu pamoja, akaanika chini, akauza. Kikombe hakifichi tofauti hiyo, na hata asiyejua kahawa ataonja udongo na ukungu. Sehemu hii ya bei ni halali, kwa sababu inalipa jasho.

Uhaba ni wa pili. Mfano wake maarufu ni kahawa ya Indonesia iitwayo kopi luwak, inayotokana na matunda ya mbuni yaliyoliwa na fungo na punje zake kuokotwa kwenye kinyesi. Mwanzoni ziliokotwa porini, chache. Bei ilipopanda, watu walianza kuwafungia wanyama hao katika vizimba na kuwalisha kahawa, na za kughushi zikajaa sokoni. Anayelipa mamia ya dola kwa kilo moja analipia hadithi, na mara nyingi hadithi yenyewe si ya kweli. Bei hiyo hatuwezi kuitetea.

Jina ni la tatu. Nchini Japani, kahawa ya arabika kutoka Tanzania huuzwa kwa jina la Kilimanjaro, hata ikiwa imelimwa mbali kabisa na mlima huo, Mbinga au Mbozi. Kanuni za wafanyabiashara wa kahawa wa huko huruhusu mchanganyiko kuitwa Kilimanjaro ikiwa angalau asilimia 30 yake ni kahawa hiyo. Lakini kanuni hizo hizo huiweka arabika ya Bukoba nje ya jina hilo. Hivyo wakulima wawili wa nchi moja wanaweza kutunza mibuni yao kwa bidii ile ile, mmoja akabebwa na jina na mwingine akaachwa nje. Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya dunia methali hiyo haitoshi. Kizuri kisicho na jina nacho hulazimika kutembezwa.

Cha nne ni gharama za mahali inapouzwa, na hapa tunaomba tupige hesabu pamoja. Kilo moja ya kahawa iliyokaangwa hutokana na takribani kilo moja na robo ya buni safi, maana kahawa hupungua uzito inapokaangwa. Tukitumia gramu 10 kwa kikombe, kilo hiyo inatoa vikombe 100. Tuseme, kwa mfano tu, mkulima amelipwa shilingi 5,000 kwa kila kilo ya buni safi. Ina maana katika kila kikombe yumo kwa shilingi 62 au 63. Ikiwa kikombe hicho kinauzwa hotelini kwa shilingi 5,000, sehemu yake ni kama shilingi moja na robo katika kila mia. Zilizobaki ni usafirishaji, kukaanga, maziwa, umeme, pango, mishahara, kodi na faida.

Hesabu hii ina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba bei ya kikombe haisemi lolote kuhusu malipo ya mkulima. Kikombe kinaweza kupanda hadi shilingi 10,000 kwa sababu ya viti vizuri na kiyoyozi. La pili linatia moyo zaidi. Mkulima akilipwa mara mbili, mnywaji huyo anaongezewa shilingi 63 tu. Haki ya mkulima si kitu cha anasa. Ni sehemu ndogo sana katika bei, na ndiyo inayosahaulika kwanza.

Mbegu iliyopita kwetu

Kuna kisa kimoja ambacho kila kamati ingefaa kukijua. Katika miaka ya 1930, mbegu za mbuni zilikusanywa katika misitu ya Ethiopia na kuletwa kwenye kituo cha utafiti cha Lyamungu, mkoani Kilimanjaro. Kutoka hapo, mwaka 1953, zilipelekwa kituo cha utafiti cha Costa Rica, na baadaye zikaenea Panama, kwa kuwa zilivumilia ugonjwa wa kutu ya majani. Aina hiyo inaitwa Geisha. Kwa miaka mingi haikuwa na sifa kubwa, na mavuno yake yalichanganywa na ya mibuni mingine.

Mwaka 2004, familia ya Peterson yenye shamba la Hacienda La Esmeralda huko Panama iliionja kahawa yake kipande kwa kipande cha shamba, bila kuichanganya. Wakagundua kwamba ile ya miinuko ya juu ilikuwa na ladha na harufu ya pekee. Mwaka huo iliuzwa mnadani kwa dola 21 za Marekani kwa ratili moja, bei iliyoushangaza ulimwengu wa kahawa wakati huo. Mwaka 2025, fungu la kilo 20 kutoka shamba hilo hilo liliuzwa kwa zaidi ya dola 30,000 kwa kila kilo. Kwa hesabu yetu ya gramu 10, buni peke yake inazidi dola 300 kwa kikombe kimoja.

Je, kikombe hicho kinastahili? Kwa anayekinywa, tunaona hakiwezi. Hakuna ulimi unaoweza kuonja tofauti ya ukubwa huo. Pale mnunuzi analipia fahari ya kuwa peke yake. Hata hivyo kazi iliyofanywa kabla ya mnada ilikuwa halali kabisa, nayo ndiyo ya kuigwa: kutenganisha, kuonja na kuandika kila fungu limetoka wapi. Mbegu ilipita nchini mwetu. Utajiri ulipatikana kwa aliyeitenga na kuionja.

Huku Kagera, robusta nyingi huuzwa ikiwa bado na maganda, ya huyu ikimwagwa juu ya ya yule. Kilo mbili za maganda hutoa takribani kilo moja ya buni safi. Mkulima aliyechuma mbivu tupu na jirani yake aliyekamua tawi wakilipwa bei moja, basi tumemfundisha yule wa kwanza kwamba bidii ni upuuzi.

Bei ya haki na mipaka yake

Wako waliotafuta njia ya kati, bei isiyo ya anasa wala ya unyonge. Mwaka 1988, huko Uholanzi, ilianzishwa nembo ya Max Havelaar. Waanzilishi wake walikuwa Nico Roozen wa shirika la Solidaridad, lililotokana na makanisa, na padre Frans van der Hoff aliyekuwa akifanya kazi na wakulima wa kahawa wa Mexico. Huo ndio mwanzo wa nembo ya biashara ya haki inayojulikana leo kama Fairtrade. Chama kikuu cha ushirika cha Kagera, KCU, ni miongoni mwa vyama vya Afrika vilivyouza kahawa kwa mpango huo tangu miaka yake ya mwanzo.

Umuhimu wake ulionekana wakati wa shida. Mfumo wa kugawana viwango vya mauzo kati ya nchi zinazolima kahawa ulivunjika mwaka 1989. Hapa nchini wanunuzi binafsi waliruhusiwa kuanzia msimu wa 1994/95. Kufikia mwaka 2001, bei ya wastani ya dunia ilikuwa imeanguka chini ya senti 50 za Marekani kwa ratili. Kwa kahawa ya arabika iliyooshwa, mpango wa bei ya haki ulikuwa unalipa zaidi ya mara mbili ya hapo. Ndipo ilipoonekana kwamba bei ya chini iliyokubaliwa mapema ni kama paa: jua likiwaka huioni kazi yake, mvua ikinyesha unajua kwa nini ulijenga.

Agosti 2023 bei hiyo ya chini iliwekwa kuwa dola 1.80 kwa ratili ya arabika iliyooshwa, na dola 1.20 kwa robusta iliyokaushwa na ganda lake. Juu yake kulikuwa na nyongeza ya senti 20 inayokwenda kwa chama, na wanachama huamua matumizi yake katika mkutano mkuu. Mapema mwaka 2025 bei ya arabika katika soko la dunia ilipita dola 4, na hapo paa halikuwa na kazi. Nyongeza ndiyo iliyobaki na maana.

Lakini tusiipambe nembo kuliko inavyostahili. Chama kinaweza kuwa na cheti na bado kikauza sehemu kubwa ya kahawa yake kwenye soko la kawaida, kwa kukosa wanunuzi wa bei ya haki. Cheti chenyewe kina gharama. Na nyongeza ikifika kwenye chama ambacho wanachama hawasomewi mahesabu, inaweza kuishia mezani kwa wachache. Nembo hufungua mlango tu. Uaminifu wa wanaoingia unategemea wanachama wenyewe.

Kuna pia mzigo ambao nembo haiugusi vya kutosha, nao ni butura. Mnaofahamu Kagera mnalijua neno hili: mkulima mwenye shida ya ada au matibabu huuza kahawa ikiwa bado maua au matunda mabichi mtini, kwa bei ya kutupa. Serikali imeipiga marufuku mara kwa mara, lakini njaa haisomi matangazo. Mkulima aliyekwisha kuuza kwa butura, hata bei ya dunia ipande vipi, hapati chochote. Nyongeza yote inakwenda kwa aliyemkopesha. Wengine, kwa kutafuta malipo ya haraka, huvusha kahawa kwa magendo kwenda Uganda.

Hili linatuhusu moja kwa moja. Mkulima wa butura hakukosa soko. Alikosa mkopo mdogo mwezi Februari. Na mkopo mdogo, ndugu zetu, ndiyo kazi tunayoijua.

Kwa marafiki wetu wafadhili

Mmetuuliza kama mfuko wa kahawa ghali ni msaada. Tunajibu kwa upendo na kwa uwazi: ununuzi ni ununuzi, na sadaka ni sadaka. Ukinunua kahawa mbaya kwa bei kubwa kwa sababu ya picha ya mtoto kwenye mfuko, utainunua mara moja, mara ya pili utaichoka, na mara ya tatu hutarudi. Mkulima atakuwa amejengewa soko juu ya huruma, na huruma huisha. Nunua kahawa kwa kuwa ni nzuri na imelipwa kwa haki. Ukitaka kuchangia kisima, changia kisima.

Kabla ya kulipa bei kubwa, tunashauri kila mmoja aulize maswali manne:

1. Je, mfuko unataja chama au eneo kahawa ilikotoka, au umeandikwa Afrika tu?
2. Je, muuzaji yuko tayari kusema mkulima au chama kililipwa kiasi gani kwa kilo?
3. Je, kazi ya ziada inaonekana, yaani kuchuma mbivu, kuanika juu ya chanja na kuchambua, na ladha inashuhudia hivyo?
4. Je, muuzaji ananunua kwa watu hao hao mwaka hadi mwaka, au amepita msimu mmoja?

Majibu manne yakiwa mazuri, bei hiyo inastahili, hata kama ni mara mbili au mara tatu ya kawaida. Yakikosekana, unalipia karatasi inayong'aa.

Kwa kamati zetu

Kuhusu pendekezo la kuuza kahawa kwa jina la shirika, tumelipima na tunaleta kwenu maoni haya ili myajadili.

Kwanza, fedha za mfuko wa kuzungusha zisitumike kununua kahawa. Bei inayopanda kwa kasi huweza kushuka kwa kasi, na atakayeumia si mfadhili wala ofisi, ni mama wa Nyakato anayesubiri mkopo wa kununulia dagaa. Ikiwa marafiki wa ng'ambo wanataka kahawa hiyo, waagize kwa maandishi na kulipa sehemu ya fedha mapema.

Pili, tuanze na fungu dogo kutoka chama kimoja cha msingi, lililotengwa tangu kuchumwa. Lionjwe na wataalamu kabla halijapewa bei. Likionekana la kawaida, liuzwe kwa bei ya kawaida. Hatuwezi kuita kahawa bora kwa sababu tu imebeba jina letu.

Tatu, mgawanyo wa bei uandikwe kwenye mfuko: mkulima kiasi gani, chama kiasi gani, kukaanga na usafiri kiasi gani, mradi kiasi gani. Tukiona aibu kuuandika, basi bei hiyo haifai.

Nne, tuzungumze na wenzetu wa parokia za Kagera kuhusu mikopo ya msimu itakayomwezesha mkulima kusubiri bila kuingia kwenye butura. Tunaamini hapo ndipo shilingi yetu itazaa kuliko kwenye mfuko wa anasa.

Tano, hili ni dogo lakini linaanzia nyumbani. Katika ofisi na kumbi nyingi za jiji hili, mgeni huwekewa kopo la kahawa iliyotoka nje ya nchi, wakati kiwanda cha TANICA kipo Bukoba tangu miaka ya 1960, nacho vyama vya wakulima wa Kagera ni miongoni mwa wanahisa wake. Na ukitoka hapa kwenda stendi ya Buzuruga utamkuta muuza kahawa na birika lake la mkaa, akiuza kikombe kwa sarafu moja au mbili. Watu wanaotaka Ulaya iilipe vizuri kahawa ya Tanzania, nao waionyeshe heshima mezani kwao.

Kwa hiyo jibu letu ni kwamba kahawa ya bei kubwa inastahili fedha yake pale ambapo ziada ya bei inaweza kufuatiliwa hadi kwenye mkono uliochuma. Pale ambapo njia hiyo inapotea, iwe ni kwa mnyama kizimbani, kwa jina la mlima au kwa nembo isiyo na mahesabu, haistahili.

Tunaziomba kamati zijadili mapendekezo haya matano na kutuletea maoni kwa maandishi kabla ya kikao kijacho, zikieleza pia ni kikundi gani kitasimamia fungu la majaribio iwapo mtalikubali.